Jembe Halitoshi: Kwa Nini Wazee wa Kithimani Wajifunze Pikoboli



Niliombwa nizungumzie mazoezi ya mwili kwa watu waliopita miaka 60. Nimeona heri nishike mchezo mmoja, kwa sababu ushauri wa jumla mnaupata kila mnapokwenda kliniki: tembea, punguza chumvi, usikae kutwa. Mchezo wenyewe ni pikoboli. Wengi wenu hamjawahi kuuona, na sitawalaumu. Nitaeleza unavyochezwa, lakini kwanza nijibu pingamizi ninalolisikia kila mara.

Pingamizi ni hili: sisi tunalima, mazoezi ya nini tena? Ni swali la haki. Tangu mfereji wa Yatta uchimbwe katika miaka ya 1950, kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, maji ya mto Thika yamewafanya watu wa huku kuwa wakulima wa mboga, nyanya na matunda. Mama wa miaka 70 anayejitwika mtungi hahitaji kufundishwa maana ya kutoka jasho. Hata hivyo, tazameni kazi ya shamba inavyoutumia mwili. Mgongo huinama upande ule ule tangu asubuhi. Miguu husimama palepale au husogea mbele polepole. Ni nadra jembe kumtaka mtu apige hatua ya pembeni ghafla, ageuze kiuno, kisha asimame imara huku macho yakifuata kitu kinachomjia. Kwa hiyo nguvu zipo, lakini wepesi wa kujishika umepotea bila mwenyewe kujua. Anajua siku anapojikwaa kizingitini, au bodaboda inapompita karibu kando ya barabara ya Thika–Garissa na mwili ukachelewa kujirudi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linaloathirika zaidi ni la waliopita miaka 60. Nyonga ya mzee ikivunjika, si yeye peke yake anayelala kitandani. Binti anafunga kibanda chake sokoni ili amuuguze, na ng'ombe anauzwa. Ndiyo maana mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 hauishii kwenye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Unawataka wenye miaka 65 na zaidi, angalau siku 3 kwa wiki, wafanye pia mazoezi yanayochanganya nguvu na uthabiti wa mwili. Sehemu hii ya pili ndiyo shamba halitupi, na ndiyo pikoboli inaitoa kwa wingi.

Mchezo ulianzishwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walitaka familia zao zicheze mpira wa vinyoya, wakakosa vifaa kamili. Wakachukua vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakashusha wavu. Jirani yao, Barney McCallum, akakata vibao vikubwa zaidi kwa plaiwudi. Naikazia habari hii kwa sababu inatuhusu: mchezo huu ulizaliwa kwa kutumia kilichopo. Fundi seremala yeyote wa hapa sokoni anaweza kukata kibao cha sentimita 40 kwa 20, akakipiga msasa na kukifunga ukanda wa mpira kwenye mpini.

Uwanja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, sawa na ule wa vinyoya wa watu wawili wawili, na haufikii hata theluthi ya uwanja wa tenisi. Wavu una kimo cha sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Wakicheza wanne, kila mmoja analinda upana wa mita 3 hivi, kwa hiyo hakuna mbio ndefu. Mpira wa kuanzisha hupigwa kutoka chini, mkono ukipanda, na bega lenye maumivu ya zamani halilazimiki kunyanyuka juu ya kichwa. Mpira huo lazima udunde upande wa wapokeaji, na wanapourudisha udunde tena upande wa walioanzisha, kabla ya yeyote kuruhusiwa kuupiga hewani. Karibu na wavu, kila upande, kuna eneo la mita 2.1 linaloitwa jikoni. Ukisimama humo huruhusiwi kuupiga mpira ambao haujadunda. Sheria hii inamnyima kijana mwenye misuli nafasi ya kusimama karibu kabisa na wavu na kupiga kwa nguvu. Mpigaji mtulivu, anayeuweka mpira polepole mahali mwenzake hafiki, ndiye anayeshinda, na utulivu huo wazee wanao. Mchezo huisha kwa pointi 11, mradi tofauti iwe pointi 2.

Sasa sakafu. Kwa maoni yangu, hili ndilo litakaloamua kama tutaanza au la. Mpira wa pikoboli haurukaruki. Ukiangushwa kutoka karibu mita 2 juu ya sakafu ngumu, hupanda sentimita 80 hivi tu. Kwenye vumbi letu jekundu utakufa papo hapo. Kwa hiyo tusiandae uwanja shambani. Tunahitaji saruji: ukumbi wa kanisa, au uwanja wa mpira wa kikapu wa shule ya sekondari saa ambazo wanafunzi wako darasani. Mistari inachorwa kwa chaki, na wavu wa voliboli ulioshushwa unatosha kuanzia.

Kuna hatari, na sitaki kuzificha. Ajali mbaya zaidi hutokea mchezaji anapokimbia kinyumenyume akifuata mpira uliopita juu ya kichwa, akaanguka na kujikinga kwa kiganja, kisha mkono ukavunjika. Kanuni yetu iwe hii: hakuna kurudi nyuma kinyumenyume. Geuka kwanza, au uache mpira uende, kwani pointi moja haina thamani ya mfupa. Patipati na viatu vya akala vibaki nje ya mstari. Raba za mitumba zenye soli pana zinafaa, na leso ifungwe isikanyagwe. Tucheze kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, maana jua la Yatta halina huruma. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua apimwe kwanza, na aendelee na dawa zake. Presha mara nyingi haina dalili, hivyo hata anayejiona mzima apimwe.

Limebaki jambo la aibu. Nimesikia mzee akiuliza watoto watasema nini wakimwona anakimbiza mpira. Ukambani, mtu mzima kucheza hadharani si jambo geni. Kilumi ni ngoma ya akina mama watu wazima, na huchezwa kwa nguvu hasa. Kule Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi alianzisha timu ya kandanda ya akina nyanya, Vakhegula Vakhegula, ambayo mwaka 2010 ilisafiri hadi Marekani kushindana. Tena mchezo huondoa upweke: mtumishi wa umma akistaafu akiwa na miaka 60 hupoteza mshahara na wenzake kwa siku moja. Wanne uwanjani, na wengine wanne wakisubiri zamu kivulini, ni kikao kinachomrudishia wenzake.

Hata sheria iko upande wetu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na wajiendeleze kibinafsi. Jedwali la Nne linaiweka michezo mikononi mwa kaunti. Ukisikia neno michezo katika mipango yetu, karibu kila mara linamaanisha vijana, na hilo si sawa. Naomba kikundi hiki kiandike barua kwa ofisi ya michezo ya kaunti kuomba saruji ya uwanja mmoja na mipira. Naomba pia walimu mlio hapa mtufungulie viwanja vyenu asubuhi mbili kwa wiki, na wahudumu wa afya ya jamii mje na mashine ya kupima presha. Wazee, karatasi ya majina iko mezani. Tukipata wanane leo, tunaweza kuanza wiki ijayo.