Kutaka na kutenda

Ndugu msikilizaji, tangu mwaka jana ninajifunza Kigiriki kidogo kidogo. Wiki hii ninakuletea kitenzi kimoja tu, ambacho Mgiriki hapitishi siku bila kukitumia. Nacho ni thelo. Kitamke kwa th ile ya thelathini. Maana yake ni "nataka".

Kitenzi hiki ni cha zamani sana. Katika tungo za Homer ni ethelo. Ile e ya mwanzo imeanguka njiani, lakini ipo hadi leo katika neno ethelontis, yaani mtu anayejitolea: aliyetaka mwenyewe, bila kusukumwa.

Sasa sikiliza. "Nataka kwenda" kwa Kigiriki cha leo ni thelo na pao. Na "nitakwenda" je? Ni tha pao. Hiyo tha imezaliwa na thelo. Wagiriki wa kale walitaja wakati ujao kwa kubadili umbo la kitenzi. Njia hiyo ilipochakaa, watu wakazoea kusema "nataka" wakimaanisha wakati ujao. Karne baada ya karne, kitenzi na kiunganishi chake vikasagika mdomoni, vikawa the na, mwisho tha.

Tusiwashangae Wagiriki. Wataalamu wanaeleza kwamba -ta- yetu nayo ni "taka" iliyokatwa mkia. Ushahidi tunao. Katika Kiswahili sanifu hatusemi "mgeni atayekuja", bali "atakayekuja". Si "nitapofika", bali "nitakapofika". Wanafunzi wanaouliza hiyo -ka- imetoka wapi huambiwa wakariri tu. Kumbe ndiyo mkia wa "taka" uliosalia! Hata Waingereza, will yao ilianza kwa maana ya kutaka.

Kiswahili na Kigiriki si ndugu, wala hazikuibiana. Kila lugha ilifika hapo kwa njia yake, maana binadamu haioni kesho. Anachoweza ni kuitaka.

Basi fundi akikwambia "nitakuja kesho", mpangaji akisema "nitalipa mwisho wa mwezi", au mgombea akinguruma jukwaani "nitajenga barabara", sarufi inakupa jambo moja tu: kwamba anataka, au anasema anataka. Deni halimo ndani ya -ta-. Ndiyo maana wazee wetu waliona lazima waliongeze wenyewe, wakasema: ahadi ni deni.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.