Tabo Kubwa Ije Mwisho: Mpangilio wa Kuongeza Nguvu katika Gari la Tabo



Nimeombwa nieleze kipi kitangulie na kipi kifuate mtu anapotaka kuliongezea nguvu gari la tabo. Nitatumia mfano wa Subaru Impreza WRX na ndugu zake, Forester na Legacy zenye injini ya EJ20, kwa sababu ndizo zinazojaa gereji zetu na ndizo nilizozishika kwa miaka mingi, kwanza Mombasa, kisha hapa Nairobi. Mwenye Mitsubishi au Audi naye atapata lake, maana hewa, joto na petroli hazichagui nembo.

Mwaka 2011 kijana mmoja aliniletea Impreza yake akiwa amebeba eksozi mpya, pana, ya kutoka kwenye tabo hadi nyuma. Niliifunga siku hiyohiyo. Kompyuta ya injini sikuigusa, na yeye hakuniuliza. Aliondoka anacheka kwa furaha, gari linavuta kuliko alivyowahi kuliona. Wiki ya tano lilirudi limebebwa, likitoa moshi wa buluu. Tulipoifungua injini, pistoni ya silinda ya 4 ilikuwa imekatika ule ukuta mwembamba unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili. Kipande chenyewe hakikuzidi ukucha wa kidole gumba. Ukipitisha kidole ndani ya silinda, michirizi ilikuwa inashika. Eksozi ilipofunguka, tabo ilizunguka kwa wepesi ambao haijauzoea, busti ikapanda kupita kiwango ambacho kompyuta iliandikiwa, na petroli ikawa inalipuka kabla ya wakati wake. Mlipuko wa namna hiyo hupiga pistoni kama nyundo, na pistoni za kiwandani za injini hii ni za kusubu, hazivumilii nyundo. Kijana alilipa gharama ya kosa langu, na nimelibeba hadi leo. Ndilo lililonifanya nianze kuufikiria mpangilio.

Fikra niliyofikia ni hii: kila kifaa unachokifunga humtwisha mzigo jirani yake. Hewa ikiongezeka, petroli inadaiwa. Petroli ikiongezeka, joto linapanda. Joto likipanda, oili, rejeta na beringi ndizo zinazoumia. Nguvu ikifika barabarani, ni klachi, tairi na breki zinazoibeba. Basi anzeni kule mzigo unakoishia, mrudi nyuma taratibu hadi kwenye tabo. Wateja wetu wengi huja na mpangilio uliogeuzwa. Mtu ameshanunua tabo kubwa, iko kwenye boksi, na breki zake bado ni zilezile zilizotoka na gari Japani.

Kabla ya kununua chochote, tupime. Magari haya yanatufikia yakiwa yametumika miaka kadhaa, na sheria ya Kenya ya umri wa miaka 8 kwa magari yanayoingizwa inatuambia gari lina umri gani tu, haituambii lilitunzwaje. Anza na kompresheni ya silinda zote 4. Hapa nawaomba sana mafundi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret msiusome mtambo kwa kitabu cha usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo namba zitatoka chini hata kama injini ni nzima. Nimeona injini nzuri ikihukumiwa kifo kwa sababu hiyo peke yake. Tazameni usawa kati ya silinda na silinda. Tatu zikilingana na moja ikawa chini kwa zaidi ya asilimia 10, hapo pana neno. Na ikiwa iliyo chini ni ya 4, mwambieni mwenye gari mapema, kabla hajaagiza kitu.

Kisha tafuteni hewa inayovuja. Kifaa chake hakinunuliwi dukani. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki linaloingia kwenye mdomo wa tabo, kitoboe, kaza vali ya tairi, halafu jaza hewa kwa kompresa, presha isizidi nusu baa. Paka povu la sabuni kwenye kila maungio: mpira wa juu wa intakula, paipu za pembeni, raba ndogo zilizojificha chini ya manifoldi. Povu likianza kuchemka, umeipata nguvu aliyokuwa akiitafuta mteja. Gari moja la Forester lililoletwa kwangu kwa ajili ya tabo kubwa lilikuwa na mpira wa intakula uliopasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Tulibadilisha mpira na klampu mbili. Mwenyewe alikwenda Naivasha na kurudi, akapiga simu kuniambia kwamba hahitaji tena tabo.

Upande wa oili siwezi kuupita haraka. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, juu ya utando mwembamba wa oili na si kitu kingine. Katika EJ nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ndani ya bolti ya paipu inayopeleka oili kwenye tabo kuna kichujio kidogo cha waya, chembamba kuliko kofia ya kalamu. Kikiziba kwa masizi ya oili iliyokaa sana, tabo inakufa na lawama zinaishia kwa tabo. Kifungueni mkitazame. Mwenye gari naye afundishwe kuvuta kijiti cha oili kila anapojaza petroli, kwa sababu injini hii hunywa oili inaposukumwa, na nyingi zilizonoki zilinoki kwa kukosa lita moja tu.

Injini ikishathibitika nzima, nenda kwenye breki na tairi. Hapa huwa napingwa, na kila mara nakataa kurudi nyuma. Nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi. Gari la kilomita 140 kwa saa linabeba karibu mara 2 ya kile linachobeba likiwa kwenye 100, na breki ndizo zinazotakiwa kukigeuza chote kuwa joto. Anayeshuka bonde kuelekea Mai Mahiu akiwa na maji ya breki ya miaka mitano anashuka na maji yaliyofyonza unyevu. Yakichemka, kanyagio linazama hadi sakafuni. Maji mapya, pedi nzuri, diski zisizo na mawimbi na tairi za kueleweka zinagharimu chini ya tabo. Bushi na shokomzoba zitazamwe papo hapo. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, kanuni za mashindano zililazimisha hewa yote ya injini ipite kwenye tundu la milimita 34, na nguvu za magari yote ya daraja lile zikakaa karibu farasi 300. Zaidi ya hapo, gari lilitafuta ushindi kwenye miguu yake na katika uvumilivu wake.

Sasa joto, na hapa tofauti ya Mombasa na Nairobi inaingia kwa namna ambayo wengi hawaifikirii. Pwani, presha ya hewa ya kawaida ni kama baa 1. Hapa, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama baa 0.83. Ukitaka hewa ya presha ileile ifike ndani ya silinda, tuseme baa 2 ukijumlisha zote, tabo ya Mombasa inaigandamiza hewa mara 2, ya hapa inaigandamiza mara 2.4. Kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya Mombasa iliyoingia na nyuzi 30 itatoka na nyuzi kama 125. Hewa ya Nairobi iliyoingia na nyuzi 22, ya baridi zaidi, itatoka na nyuzi kama 140. Baridi ya Nairobi inatudanganya. Tabo ya huku inafanya kazi kubwa zaidi kwa faida ileile, na intakula ya juu ya injini, iliyolala juu ya joto lote lile, ikikaa kwenye foleni dakika 20 inakuwa jiko. Kwa hiyo intakula bora, rejeta safi na feni zinazowaka kwa wakati zije kabla ya kuongeza hata kidogo cha busti.

Baada ya joto ndipo petroli na programu, na viwili hivi haviachani. Gari nyingi kati ya hizi ziliandikiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo okteni yake huko haishuki chini ya 96, na super ya kawaida tunayojaza hapa iko chini ya hapo. Maana yake, hata gari ambalo halijaguswa linaweza kuwa linagonga kimyakimya, kompyuta ikilirudisha nyuma kila mara ili lisife. Pampu ya petroli iwe imara, injekta zioshwe na kupimwa, na zikifanya kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake ujue zimeishiwa. Plagi ziwe mpya, pengo lake dogo kidogo kuliko la kawaida, maana busti huzima cheche. Kisha programu iandikwe upya kwa petroli ya hapa, gari likiwa na kipimo cha hewa na petroli kwenye eksozi, na uwiano chini ya busti kamili ukae kwenye 11 hadi 11.5 kwa 1. Fundi wa programu asiyekuonyesha rekodi ya kugonga kwa injini usimlipe.

Eksozi pana inaingia hapa, pamoja na programu, siku ileile. Laiti ningeijua kanuni hii mwaka 2011.

Kuhusu klachi na giaboksi nitasema kidogo. Giaboksi ya gia 5 ya WRX si ya kuvumilia kuachia klachi kwa kishindo, ya gia 6 ya STI ni ngumu zaidi. Mwenye gia 5 aongeze nguvu kwa kiasi na aheshimu mguu wake wa kushoto.

Na tabo kubwa? Mtu aliyefika hapa kwa utaratibu huu mara nyingi hugundua kwamba tabo aliyokuja nayo bado ina akiba. Akiihitaji kubwa kweli, atakuwa na pampu, injekta, ubaridi, breki na fundi wa programu tayari, na atajua kwa namba ni tabo ya ukubwa gani inayomfaa kwenye mwinuko huu.

Legacy ya kuonyeshea imeegeshwa nje, mwenyewe ameturuhusu. Bomba, vali na ndoo ya povu nimekuja navyo. Baada ya chai tutaipima pamoja, na ninaomba mwenye mikono midogo ajitokeze, kwa sababu raba ya chini ya manifoldi haifikiki na mkono wangu.