Majina Yaliyo Juu ya Nyimbo
Hotuba ya katibu wa kwaya, sherehe ya jubilei ya miaka 25

 

Historia ya kwaya mnayo ukurasa wa nne, na picha zake, zikiwemo zile za sare ya kwanza ambazo wengine walituomba tuzifiche. Hatutairudia. Sisi wa ofisi ya kwaya tuliomba dakika chache tueleze jambo moja ambalo tumeulizwa tangu kijitabu hiki kilipoanza kuchapwa. Kwa nini juu ya kila wimbo kuna majina? Aliyetunga, aliyetafsiri, aliyepanga sauti. Mzee mmoja alituambia kwa mzaha kwamba tumechapa daftari la wapiga kura.

Tafadhali fungueni wimbo wa sita. Huo aliutunga mwalimu wetu wa kwanza, aliyelala mwaka 2011, na jina lake mnaliona hapo juu. Aliuandika kwa Kimeru, kwa penseli, kwenye daftari la shule, sauti zote nne kwa solfa, siku ambazo mkewe alikuwa amelazwa hospitali na madaktari wameishiwa maneno. Ubeti wa tatu unamwomba Mungu amrudishe mama jikoni kwake. Alirudi. Yuko hai, na leo ameketi pale kwenye alto kama kawaida yake.

Miaka mitatu iliyopita mama huyo alikuwa sokoni Gakoromone akinunua viazi. Kibanda cha jirani kilikuwa kinapiga nyimbo za injili, na mara akausikia wimbo wa mumewe. Alifurahi kwanza. Akamwuliza kijana wa kibanda ni wimbo wa nani, naye akamwonyesha jalada. Ni kundi ambalo hatutalitaja. Wana sauti nzuri na vyombo vya kisasa, lakini palipoandikwa mtunzi palikuwa na jina la kiongozi wao. Tena ubeti wa tatu ulikuwa umebadilishwa ili ufae kuimbwa mazishini: yule mke harudi tena nyumbani, amekwenda kupumzika. Mama alikuja kwenye kamati akasema maneno ambayo tuliyaandika katika kumbukumbu za mkutano kama alivyoyasema: "Wamenizika, na mimi bado napika."

Tuliwaendea hao ndugu, daftari mkononi. Walitukaribisha vizuri, wakatupa na chai. Jibu lao lilikuwa fupi: wimbo ni wa Mungu, mwanadamu ni chombo tu, jina la nini? Wakaahidi kurekebisha watakapochapa tena. Bado tunangoja.

Jibu hilo tusilipuuze, kwa sababu si la wezi peke yao. Wacha Mungu wengi wanalisema kwa moyo safi, na hata baba yetu John Wesley aliwahi kulisema. Mwaka 1755 alitoa kitabu chake cha maelezo juu ya Agano Jipya. Mengi yaliyomo aliyatoa kwa wengine, hasa kwa Mjerumani Bengel, na pia kwa Waingereza kama Doddridge na Guyse. Hakuficha. Katika dibaji aliwataja, akaeleza kwamba alifikiria kwanza kuweka jina la mwenyewe chini ya kila maelezo, kisha akaamua asiweke hata moja, msomaji asije akaacha Neno akaanza kuangalia nani amesema. Nia ilikuwa njema. Lakini matokeo ni kwamba anayefungua ukurasa wowote katikati ya kitabu hawezi kujua ni Wesley anayezungumza au ni Bengel.

Miaka 20 baadaye aliteleza zaidi. Mwaka 1775, makoloni ya Marekani yalipokuwa yanagombana na Uingereza, Wesley alitoa kijitabu cha kuwatuliza watu. Sehemu kubwa aliitoa kwenye maandishi ya Samuel Johnson, mwandishi mashuhuri wa London, wala hakumtaja. Augustus Toplady, yule yule aliyetunga "Mwamba wenye imara", alimshambulia hadharani bila huruma. Toleo lililofuata Wesley alikiri chanzo chake. Johnson mwenyewe hakukasirika, hata alimshukuru Wesley kwa kukubaliana naye. Lakini Johnson alikuwa na jina tayari, na hakupungukiwa na kitu. Mwalimu wa Meru aliyeacha daftari moja la penseli hana akiba kama hiyo.

Sasa msikilize yule yule Wesley zamu yake ilipofika. Mwaka 1780 Wamethodisti walipata kitabu chao kikubwa cha nyimbo 525, nyingi zikiwa za ndugu yake Charles. Katika dibaji, aliyoiandika Oktoba 1779, Wesley analalamika kwamba watu wengi wanachapa nyimbo zao na kuzigeuza. Kuchapa anaruhusu, wachape tu. Anachoomba ni kimoja kati ya mambo mawili: waziache kama zilivyo, au waandike maneno ya asili pembeni mwa ukurasa, ili yeye na ndugu yake wasibebeshwe upuuzi wa watu wengine. Sisi tulipoisoma dibaji hiyo katika kamati, aliyesoma alinyamaza, na wote tukageuka kumwangalia mama wa alto. Ni lalamiko lake hasa. Kumbe jina likishaondoka, maneno nayo hayana mlinzi, kila mtu anakata na kuunga apendavyo.

Na tukisema mambo haya ni ya Wazungu na ya mahakama, basi tufungue Biblia. Zaburi zina majina juu yake kama kijitabu chetu. Si zote za Daudi. Kuna za Asafu, kuna za wana wa Kora, ambao walikuwa kwaya kama sisi, na ya 90 ni ya Musa. Kitabu cha Mithali kina jina la Sulemani mlangoni, lakini mlango wa 30 unasema wazi kwamba ni maneno ya Aguri bin Yake, na ule wa 31, tunaousoma kila Siku ya Akina Mama, ni mafundisho ya mama yake mfalme Lemueli. Sulemani, kwa hekima yake yote, hakumezeshwa maneno ya mama wa mtu mwingine. Paulo alipohubiri Athene alitumia maneno ya washairi wa kule, akasema kwamba ni ya washairi wao. Hata aliyemwandikia Waraka kwa Warumi, Tertio, ana mstari wake katika mlango wa 16. Hatujaona mtu aliyepungukiwa na Roho kwa sababu ya majina hayo.

Wako watunzi waliojificha wenyewe, na hao tunawaheshimu. "Yesu kwetu ni rafiki" ilitungwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada, ili kumfariji mama yake aliyekuwa mbali. Ilichapwa bila jina, na kwa muda mrefu watu walidhani ni ya Horatius Bonar wa Uskoti. Lakini kujificha kwa hiari ni jambo moja, na kufutwa ni jambo lingine. Scriven alichagua. Mwalimu wetu aliandika jina lake kwenye jalada la daftari, tena kwa wino.

Tuje karibu zaidi. Pasaka hapa Meru haipiti bila "Mfurahini, Haleluya". Wimbo huo aliutunga Bernard Kyamanywa, Mtanzania, mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa theolojia katika chuo cha Kilutheri cha Makumira karibu na Arusha. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutia katika Kijerumani, na leo ni nambari 116 katika kitabu cha nyimbo cha Wakristo wa Kiinjili wa Ujerumani. Hapo chini wameandika yote: Leupold, mwaka, wimbo wa Kiswahili ulikotoka, na jina la Kyamanywa. Mjerumani asiyejua neno moja la Kiswahili anaweza kumjua mtunzi. Sisi tunaouimba katika lugha aliyoutungia tunaletewa fotokopi iliyokatwa juu ili karatasi iwatoshe tena na besi. Ni pale juu, penye jina, ndipo mkasi hupita kila mara.

Walimu walio katika kwaya hii wana kisa chao: mtoto aliyenakili mtihani wa jirani kwa uaminifu mkubwa hata akanakili na jina. Tunacheka, lakini angalau huyo alitaja chanzo.

Hatusemi tusiimbe vya wengine. Kwaya isiyoazima nyimbo itanyamaza kabla ya mwezi kwisha. Wala hatuwaonei wahubiri wetu, ingawa siku hizi mahubiri mengine yanafika kanisani kwa simu yakiwa yameiva kabisa, na washirika nao wana simu hizo hizo. Kusema "haya nimeyasoma kwa fulani" huchukua pumzi moja tu.

Na kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Kwa wimbo wa sita, hiyo ni hadi mwisho wa 2061. Kuutafsiri au kuupanga upya kunahitaji ruhusa, na mtunzi ana haki ya kutajwa na ya kukataa kazi yake isipotoshwe. Kwa hiyo rekodi yetu ya jubilei itakuwa na ubeti wa tatu kama ulivyoandikwa kwa penseli. Mama amesoma karatasi ya maneno, ameitia sahihi, na fungu lake la mauzo limeandikwa katika bajeti, mstari wa pili, baada ya studio.

Tumebaki na nyimbo mbili zilizotushinda, wa tisa na wa kumi na tatu. Mtaona pameandikwa "Mtunzi anatafutwa". Wa kumi na tatu tunajua tu kwamba ulikuwa ukiimbwa hapa kabla kwaya haijaanzishwa. Wa tisa, wengine wanasema uliletwa na akina mama wa Chuka waliokuja kwenye kongamano, wengine wanaapa kwamba ni wa Runyenjes. Wageni wetu wa Embu, hapo tunawategemea ninyi. Baada ya ibada tutakuwa kwenye meza iliyo karibu na hema la chai, tukiwa na daftari. Anayekumbuka hata jina moja, au kijiji tu, au nani alikuwa akiuanzisha, aje atuambie. Jalada la rekodi linakwenda kwa mchapaji Ijumaa ya wiki ijayo, na nafasi mbili tumeziacha wazi.