Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya shida za wasafiri wa ndege, na wema wa watu wasiowajua.



Wahenga wa pwani walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni kwamba hata akiwa katikati ya kuku mia, kila mtu humwona. Hajui njia, hajui desturi, wala hajui amwulize nani. Zamani mgeni huyo alifika kwa jahazi au kwa miguu, na mji ulikuwa na nafasi ya kumzoea pole pole. Siku hizi hushuka katika ndege: asubuhi yu kwao, na jioni yu katika nchi ambayo hata salamu yake haijui. Basi jambo dogo tu, kama mzigo kupotea au ndege kuchelewa, humwacha mikononi mwa watu asiowajua. Jambo kubwa likitokea, maisha yake yote huwa mikononi mwao.

Mfano mkubwa wa habari hii uko Kikambala. Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi hupita Kikambala baada ya kuvuka hori ya Mtwapa. Wenyeji wa huko ni wavuvi na wakulima, na wengi wamepata riziki katika hoteli za ufukoni. Desturi ya hoteli nyingi za pwani ni kuwalaki wageni kwa ngoma. Wachezaji huvaa mavazi yao, wakapiga ngoma na kuimba mlangoni, ili mtu aliyechoka kwa safari ajue kwamba amefika mahali anapotakiwa.

Asubuhi ya tarehe 28 Novemba, 2002, wageni kutoka Israeli waliotua Mombasa walifika katika hoteli ya Paradise, Kikambala. Wachezaji wa Kigiriama walikuwa tayari kuwapokea. Mara gari lililojaa baruti likavunja kizuizi, likalipuka mbele ya hoteli. Ukiwaacha wauaji wenyewe, waliokufa walikuwa watu 13: Wakenya 10 na Waisraeli 3, na wengine wengi walijeruhiwa. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wachezaji waliokuja kuwaambia wageni karibu. Asubuhi iyo hiyo makombora mawili yalirushwa kulenga ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Uwanja wa Moi, Mombasa, ikiwa na abiria zaidi ya 250. Makombora yalikosa, na ndege ikafika Tel Aviv salama.

Msiba huo haukuishia kaburini. Hoteli iliteketea, na waliofanya kazi humo wakabaki bila kazi. Mwezi wa Mei, 2003, serikali ya Uingereza ilizuia ndege za nchi yake zisije Kenya kwa muda, kwa kuogopa shambulio jingine. Wageni wakipungua, mwenye hoteli si peke yake apataye hasara. Mvuvi hukosa wa kumwuzia samaki, mchonga vinyago hukaa na vinyago vyake, na dereva wa teksi hulala njaa.

Katika hali hiyo mtu angeweza kusema, “Wageni ndio waliotuletea balaa, na wasije tena.” Maneno hayo yangeeleweka, lakini yasingekuwa ya haki. Balaa ililetwa na muuaji. Mgeni na mwenyeji walikufa mahali pamoja, mmoja akisalimu na mwingine akisalimiwa. Kumfukuza mgeni kungekuwa kummalizia muuaji kazi yake. Ngoma za kuwapokea wageni hazikukoma pwani, na katika hilo watu wa pwani walitoa jibu bora kuliko hasira.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mji mdogo wa mbali ulitoa mfano wa namna hiyo. Tarehe 11 Septemba, 2001, Marekani iliposhambuliwa na anga lake likafungwa, ndege 38 za abiria zilizokuwa zikivuka bahari ziliamriwa kutua Gander, katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Waliokuwamo walizidi 6,000, na wenyeji wa mji hawakufika 10,000. Madereva wa mabasi ya shule walikuwa wamegoma; wakaacha mgomo wao, wakaenda kuwachukua wageni. Shule na makanisa yakawa malazi. Watu wakapika, wakaleta mablanketi, wakafungua nyumba zao ili wageni wapate kuoga. Wageni walipotaka kulipa, wengi wa wenyeji walikataa.

Nchini Kenya nako, alfajiri ya tarehe 7 Agosti, 2013, moto uliteketeza jumba la kuwapokea abiria katika Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Hakuna aliyekufa, lakini ndege nyingi ziligeuzwa, nyingine zikatua Mombasa. Watu waliotazamia kuamkia Nairobi wakajikuta pwani bila jamaa wala mwenyeji. Siku kama hiyo, mtu anayeonyesha njia, anayemwazima mwenzake simu, au anayemtafutia mama mwenye mtoto mahali pa kukaa, hufanya kazi ambayo hakuna afisa awezaye kuifanya peke yake.

Hata hivyo, msafiri mwenye busara hajiegemezi juu ya wema wa watu pekee. Pasipoti, dawa na fedha zake huzichukua mkononi, wala haziweki katika mzigo unaopelekwa chini ya ndege. Mzigo wake usipotokea, huarifu palepale uwanjani kabla ya kutoka, na kupewa karatasi yenye nambari. Kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1999, ambayo Kenya imeyakubali, malalamiko ya mzigo ulioharibika yapelekwe kwa maandishi katika siku 7, na ya mzigo uliochelewa katika siku 21 tangu kuupokea. Akipoteza pasipoti ugenini, huenda kwanza polisi, kisha ubalozi wa nchi yake, apate hati ya kumrudisha kwao.

Mwenyeji naye ana wajibu wake. Haifai kumtoza mgeni nauli maradufu kwa sababu tu hajui bei, wala kumpoteza njia kwa kuona haya kusema “sijui”. Anayemwona mgeni amesimama peke yake na mizigo yake na amwulize kwa adabu aendako. Kumwuliza hakumpunguzii mtu kitu.

Mithali yasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Kwa kawaida watu huitumia kwa furaha, kwa kuwa mgeni akija, chakula chema hupikwa na nyumba nzima hufaidi. Wenyeji wale wa Kikambala waliokufa mwaka 2002 walisema “njoo”, nao hawakupona. Heshima inayowafaa si machozi peke yake. Ni kila mtu kuendelea kusema neno lile walilokuwa wakilisema, kwa mgeni ashukaye Mombasa, na kwa kila msafiri aliyekwama asiye na wa kumpokea.