Kioo Cheusi cha Fundi

Ndugu fundi wa kuunganisha vyuma! Leo tunazungumuza juu ya macho yako. Mwangaza wa moto wa umeme unaunguza macho kama vile jua kali linaunguza ngozi. Uchungu hauji palepale. Mara nyingi unakuja usiku, nyuma ya masaa 6 ao 12: macho mekundu, machozi mengi, kama mutu aliingizwa muchanga.

Miwani nyeusi ya soko haitoshi. Kioo cha fundi kinatengenezwa namna ingine. Kule kiwandani wanachanganya madini ya chuma ndani ya kioo, wakati kingali kinayeyuka. Madini yale yanakamata mionzi mibaya isiyoonekana. Angalia namba juu ya kioo: kwa moto wa umeme, 10 ao 11 inafaa kwa kazi nyingi. Kikipasuka, badilisha.

Fukuza watoto wanaokuja kutazama. Wao hawana kioo. Macho yakiuma, usitie maziwa wala maji ya majani. Kuja hospitali upesi. Chuma kikiharibika utakiunganisha tena, lakini jicho hapana.