Adui ni Ujinga, Si Mtoto



Katika kila shule huwapo mtoto ambaye wenzake wamekwisha kuvuka silabi na kufika kwenye sentensi, naye angali akihangaika na herufi. Akiitwa asome hunyamaza, au hukariri aliyoyasikia kwa jirani yake. Haupiti muda mrefu ila amekwisha kupewa jina la mjinga. Na nyumbani nako hukatwa shauri kwamba huyo afaa kuchunga tu.

Hukumu hiyo yapasa kupingwa, hasa katika Hirbadaw na vijiji vingine vya Hanang na Mbulu. Huko watoto wengi huanza kusema kwa Kidatoga au Kiiraqw. Kidatoga ni miongoni mwa lugha za Kiniloti, na Kiiraqw ni ya Kikushi. Mtoto wa Kirangi au wa Kinyiramba hukuta katika Kiswahili ngeli zinazofanana na za kwao, kwa kuwa zote ni lugha za Kibantu. Mtoto wa Kidatoga hana msaada huo. Siku ile ile aingiapo Darasa la Kwanza hudaiwa mambo mawili: ajifunze lugha, na ajifunze kuisoma. Akichelewa, mzigo wake ndio mzito, si akili yake iliyo nyepesi.

Mtoto huyo huyo, machungani, hutambua ng'ombe aliyepotea kwa rangi yake na kwa pembe zake. Basi macho na kumbukumbu anavyo. Lakini ng'ombe hubaki yule yule, aelekee mashariki au magharibi. Herufi ya b ikigeuzwa huwa d. Hilo ni jambo jipya kabisa kwa mtoto, na kila msomaji amelazimika kulizoea. Achanganyaye b na d katika miezi ya kwanza hastahili fimbo. Astahili kuziandika mchangani kwa kidole, na kuzifinyanga kwa udongo, moja leo na nyingine wiki ijayo, mpaka mkono uzizoee.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kutafuta sababu. Je, mtoto aona ubaoni? Je, asikia vema? Je, huhudhuria kila siku, au hukosa siku za mnada na za kuhamisha mifugo? Je, alielewa neno kabla ya kutakiwa alisome? Ipo na njia nyepesi ya kumpima: aonyeshwe neno lililo katikati ya ukurasa. Akilazimika kuanza mwanzo wa ukurasa ili alifikie, basi amekariri, hajasoma.

Sababu ikijulikana, dawa hupatikana. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina sauti ile ile popote iandikwapo. Mtoto aanze na ma, me, mi, mo, mu; zile za mb, nd na ng' zingoje. Neno litangulie kusemwa, na kitu chenyewe kionyeshwe: maji, kuni, maziwa, boma. Taifa lina ushuhuda wa njia hii. Katika kisomo chenye manufaa kilichoanza kanda ya Ziwa mwaka 1968, watu wazima walifundishwa kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe, yaani kwa mambo waliyoyajua. Iwapo mtu mzima alianzia kwenye kazi yake, kwa nini mtoto aanzie kwenye maneno asiyopata kuyasikia?

Wapo pia watoto wachache ambao hata baada ya msaada huo huendelea kutatizika. Hali hiyo wataalamu huiita disleksia. Si laana, wala si upungufu wa akili. Katika lugha iandikwayo kama isemwavyo, mtoto wa namna hiyo mara nyingi husoma kwa usahihi lakini polepole mno. Huyo aongezewe muda, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, wala asiaibishwe mbele ya wenzake.

Mzazi asiyejua kusoma naye ana wajibu. Amsimulie mtoto hadithi kwa lugha ya nyumbani, kwani mtoto aliyezoea kufuata hadithi kwa masikio huifuata kwa wepesi kitabuni. Jioni amwite, ampe robo saa asome kwa sauti, naye asikilize. Na zamu ya kuchunga isiangukie saa za shule.

Mwaka 2015 masomo ya Darasa la Kwanza na la Pili yalielekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Huo ni msingi mwema. Lakini mtaala haukai karibu na mtoto mmoja mmoja. Akaaye karibu naye ni mwalimu na mzazi.

Ndugu wananchi, tangu Uhuru taifa lilitangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi. Adui aliyetajwa ni ujinga. Mtoto hakutajwa. Amfukuzaye mtoto shuleni kwa sababu hajui kusoma amempiga mateka, na adui amemwacha salama.