Safari ya Eldoret Hadi New York

Eldoret ni mji wa wakimbiaji, na kila Novemba jamaa zao huuliza: aliyekwenda kushindana New York atafika lini?

Ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi zilianza tarehe 28 Oktoba 2018. Mwendo ni karibu kilometa 11,800, yaani saa 15 hivi angani. Aondokaye saa tano usiku hushuka saa kumi na mbili asubuhi ya huko. Wengine hudhani amesafiri saa saba tu, kumbe Novemba saa za New York huwa nyuma ya zetu kwa saa 8. Eldoret wakati huo ni saa nane mchana. Kurudi hupungua kama saa moja, maana pepo kali za juu hutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Eldoret hadi Nairobi kwa ndege haipati saa nzima. Kwa barabara ya Nakuru ni zaidi ya kilometa 300, na malori hayana haraka; basi mwenye kupanda gari na aondoke asubuhi.

Tena mshindani wa Jumapili asiondoke Ijumaa. Mwili hufuata saa za nyumbani kwa siku kadhaa: mbio zikianza saa tatu asubuhi, kwake ni saa kumi na moja jioni.